Kahawa ya Kihansi: Namna Mti wa Msituni Unavyopata Jina, na Faida ya Jina Hilo kwa Wananchi

Mwaka 2004 wataalamu wa mimea walitangaza spishi mbili mpya za kahawa ya mwituni kutoka katika Milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania. Ya kwanza ni ya Milima ya Usambara, nayo ikaitwa Coffea bridsoniae. Ya pili ni ya Korongo la Kihansi, katika mteremko wa Milima ya Udzungwa, nayo ikaitwa Coffea kihansiensis, maana yake kahawa ya Kihansi. Waliozieleza ni Aaron Davis, wa Bustani za Kifalme za Mimea za Kew nchini Uingereza, na mwenzake Mvungi. Makala yao ilizitaja spishi zote mbili, hata katika kichwa chake, kuwa zimo hatarini.

Wananchi wanaoishi pembezoni mwa misitu hii wanapopata habari za namna hiyo huuliza swali la haki: mti uliokuwapo tangu enzi za mababu huitwaje mpya? Makala haya yanalijibu swali hilo. Yanaeleza pia kwa nini jina la kitaalamu la mti mdogo wa kivulini ni jambo linalohusu maji, mashamba na sheria ndogo za vijiji vyetu.

Maana ya neno "mpya"

Mti haukuzaliwa siku ulipotangazwa. Neno "mpya" lina maana kwamba, kabla ya siku hiyo, hakuna mtu aliyekuwa ameueleza mti huo kwa maandishi, akautofautisha na ndugu zake wote waliokwisha kujulikana, akaupa jina moja linalotambulika duniani kote.

Majina ya wenyeji yana thamani kubwa, na mara nyingi ndiyo yanayomwongoza mtaalamu hadi kwenye mti wenyewe. Lakini mti mmoja waweza kuwa na jina moja huku na jina jingine ng'ambo ya mto. Aidha, jina moja laweza kuchukua miti miwili au mitatu inayofanana kwa sura. Mchukua kuni na mganga wa tiba asili hawapati taabu kwa hilo, kwa kuwa wanaijua miti yao kwa macho na kwa harufu. Anayepata taabu ni ofisa anayeandika orodha ya miti ya hifadhi, au hakimu anayeamua shauri la uharibifu wa msitu. Hao wanahitaji jina lisilo na utata.

Familia yenye ndugu wengi

Kahawa imo katika familia ya mimea iitwayo Rubiaceae, yenye spishi zipatazo 13,000 duniani. Ni miongoni mwa familia kubwa kabisa za mimea itoayo maua, na wengi wa jamaa zake huishi katika misitu ya nchi za joto. Baadhi yao tunawafahamu vyema. Mviru, ambao wengine huuita msada na ambao watoto hupenda matunda yake, ni wa familia hii. Mkwinini, ambao magome yake yalitoa dawa ya malaria kwa karne kadhaa, nao ni ndugu wa kahawa.

Ipo njia rahisi ya kuwatambua jamaa wa familia hii, na mwananchi yeyote aweza kuitumia. Kwanza, tazama namna majani yalivyopangwa katika tawi: mara nyingi hukaa mawili mawili yakikabiliana, na kingo zake ni laini zisizo na meno. Pili, tazama mahali vikonyo vya majani mawili vinapokutana: katikati yao kuna kigamba kidogo chenye ncha, kilichoshikamana na kijiti. Tatu, tazama ncha ya tunda: aghalabu huwa na alama ya duara kama kitovu, palipokuwa pamekaa ua. Mkulima wa kahawa akitazama mbuni wake ataziona dalili zote tatu.

Ndani ya familia hiyo, kahawa zenyewe zina kundi lao liitwalo Coffea. Mbegu zake huwa na mfereo upande mmoja, kama tunavyouona katika punje ya buni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihesabu spishi 124 za kundi hili, na ukaonyesha kwamba takriban asilimia 60 zimo hatarini kutoweka. Biashara ya dunia, hata hivyo, hutegemea karibu yote spishi mbili tu: arabika, yenye asili ya nyanda za juu za Ethiopia, na robusta, yenye asili ya misitu ya Afrika ya kitropiki. Nyingi ya hizo nyingine ni vichaka na miti midogo iliyojificha kivulini, katika eneo dogo la msitu mmoja au miwili.

Hatua za kuupa mti jina

Kazi huanza msituni. Mtaalamu mwenye kibali hukata tawi dogo lenye majani, na ikiwezekana lenye maua na matunda, kwa sababu majani peke yake mara nyingi hayatoshi kutofautisha spishi. Tawi hilo hupangwa kati ya karatasi za magazeti, hubanwa na kukaushwa. Pamoja nalo huandikwa mahali lilipochumwa, mwinuko kutoka usawa wa bahari, tarehe, urefu wa mti, rangi ya ua ambayo itapotea likikauka, na jina la mti kwa lugha ya wenyeji.

Kielelezo hicho hupelekwa katika hebaria, yaani maktaba ya mimea iliyokaushwa. Nchini mwetu tunayo Hebaria ya Taifa jijini Arusha na nyingine katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa kanda nzima ipo ile kubwa ya Nairobi. Humo tawi hulinganishwa na vielelezo vya miaka mingi iliyopita: umbo la kigamba, idadi ya maua katika fundo moja, urefu wa mrija wa ua, ukubwa wa tunda na mbegu. Siku hizi hata vinasaba hupimwa.

Ulinganishaji huu hauna haraka. Kitabu kikuu cha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda kilianza kuchapishwa kwa sehemu mwaka 1952, kikakamilika mwaka 2012. Katika sehemu zake za familia ya kahawa, miti kadhaa ilitajwa kwa herufi tu badala ya jina, kwa kuwa vielelezo vyake havikutosha. Mmoja wa waandishi wa sehemu hizo alikuwa Diane Bridson wa Kew, na kahawa ya Usambara iliitwa bridsoniae kwa heshima yake.

Mtaalamu akiridhika kwamba mti haulingani na wowote uliokwisha kuelezwa, huandika maelezo kamili na kuyachapisha katika jarida la kitaaluma. Mpaka mwisho wa mwaka 2011 kanuni zilidai maelezo hayo yawe na sehemu ya Kilatini. Tangu mwaka 2012 Kiingereza nacho kinakubalika. Kielelezo kimoja huteuliwa kuwa cha rejea, nacho hutunzwa daima. Iwapo kesho patatokea ubishi juu ya jina hilo, kielelezo hicho ndicho kitakachoulizwa.

Jina lililochelewa

Historia ya Korongo la Kihansi yaonyesha hasara ya kuchelewa kuitambua mimea na wanyama wa mahali. Mto Kihansi ulikuwa ukiporomoka katika korongo lile kwa nguvu, na manyunyu yake yakalowesha kingo na msitu wa jirani mwaka mzima. Nchi ilihitaji umeme, na mahali pale palifaa. Bwawa likajengwa juu ya maporomoko, na kituo cha kuzalisha megawati 180 kikaanza kazi kuelekea mwaka 2000. Takriban asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakipita korongoni yakaelekezwa katika mitambo.

Ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza pale, mwaka 1996, wataalamu walipomkuta korongoni chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hakujulikana popote duniani. Makazi yake yalikuwa hekta chache tu za majani yaliyolowa manyunyu. Serikali na wadau waliweka mabomba ya kunyunyizia maji, na chura wapatao 500 walichukuliwa kwenda kutunzwa Marekani. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka mwituni. Vizazi vya wale waliotunzwa vilirejeshwa nchini, na mwaka 2012 kazi ya kuwaachia tena korongoni ikaanza.

Kahawa ya Kihansi ilipata jina lake miaka kadhaa baada ya maji kuelekezwa kwingine. Hatuelezi haya kwa kulaumu umeme, ambao unaendesha hospitali, shule na mashine zetu za kukoboa mpunga. Twaeleza kwa sababu tathmini ya athari za mazingira huandikwa kutokana na orodha ya viumbe vinavyojulikana. Mti usio na jina hauonekani katika orodha hiyo, na usioonekana katika orodha hauwekewi tahadhari. Mwaka huo huo wa 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Ubora wa tathmini hiyo, hata hivyo, hauwezi kuzidi ubora wa orodha inayotumika.

Faida kwa mkulima

Kahawa za mwituni nyingi hazina soko, na baadhi hazifai kunywewa. Thamani yake iko katika sifa zilizomo ndani yake. Mkulima wa arabika anazijua kutu ya majani na chulebuni. Uwezo wa kuvumilia kutu, uliomo katika aina nyingi bora za leo, ulitokana na mbuni chotara uliopatikana katika kisiwa cha Timor, mtoto wa arabika na robusta waliochavushana wenyewe shambani. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania wamewapa wakulima wetu aina zinazohimili magonjwa yote mawili. Kazi hiyo haiwezekani pasipo hazina ya sifa mbalimbali ya kuchagulia.

Joto nalo linaongezeka. Mwaka 2018 wataalamu, akiwamo Davis tuliyemtaja, waliipata tena mwituni nchini Sierra Leone kahawa iitwayo Coffea stenophylla, ambayo ilikuwa haijaonekana huko kwa miongo kadhaa. Ilipoonjwa, waonjaji waliifananisha na arabika bora. Nayo humea mahali penye wastani wa joto la takriban nyuzi 25, ambapo arabika hushindwa. Hakuna awezaye kusema leo kwamba kahawa ya Kihansi au ya Usambara ina sifa kama hizo. Lakini mti ukitoweka, nafasi ya kuuchunguza imetoweka pamoja nao.

Wajibu wetu na huduma zilizopo

Miti ya aina hii huishi katika tabaka la chini la msitu. Msitu waweza kuonekana mzima kwa mbali, miti mirefu ikiwa imesimama, ilhali chini yake pamefyekwa kwa ajili ya iliki au migomba na kahawa ya mwituni imekwisha. Kwa hiyo tunawasihi wananchi wazingatie mambo yafuatayo.

Kijiji chenye msitu katika ardhi yake chaweza kuutenga kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Serikali ya kijiji huandaa mpango wa usimamizi na sheria ndogo, Mkutano Mkuu wa Kijiji huziridhia, na Halmashauri huzipitisha. Ofisa Misitu wa Wilaya husaidia kuandaa nyaraka hizo.

Mwananchi akiona mti asioufahamu, hasa wenye maua au matunda, asiung'oe wala asiukate. Apige picha ya jani, ua na tunda, akariri mahali na mwezi aliouona, awaulize wazee jina lake, kisha aiarifu Kamati ya Maliasili ya Kijiji ili taarifa imfikie Ofisa Misitu. Kuchuma mimea katika hifadhi za Taifa na za Serikali pasipo kibali ni kosa, hata kwa nia njema.

Mtafiti akifika kijijini, serikali ya kijiji imwombe kibali chake cha utafiti na barua ya utambulisho kutoka Halmashauri. Vilevile imwombe alete nakala ya matokeo ya kazi yake. Kijiji kilichomwongoza mtaalamu hadi kwenye mti kinastahili kuwa cha kwanza kujua umeitwaje.

Wazee wanaoyajua majina ya miti nao wana hazina ambayo hebaria haina. Tunaziomba Kamati za Maliasili ziyaandike majina hayo katika daftari la kijiji, pamoja na matumizi ya kila mti na mahali unapoota. Daftari hilo lisomwe wakati wa kupanga matumizi bora ya ardhi, kabla ya kuchora barabara, shamba au mfereji. Huko Kihansi orodha ilikuja baada ya bwawa. Vijiji vyetu bado vina nafasi ya kuitanguliza.