Usukani wa Katikati: Tunachoweza Kuchukua Busega

Busega ndiyo wilaya pekee ya Mkoa wa Simiyu inayogusa Ziwa Victoria. Kwenye mialo yake ya Ghuba ya Speke, boti nyingi ni za mbao, na nahodha hukaa nyuma akishika mkono wa injini. Huko Marekani, wapenzi wa boti wanabishania chombo cha aina nyingine: boti ya usukani wa katikati, ambayo sasa imerefuka hadi kuzidi futi 60, ikiwa na injini nne au tano nyuma, na chini ya sitaha vitanda, jiko na kiyoyozi. Ubishi huo unatuhusu, kwa kuwa chimbuko la boti hiyo ni uvuvi.

Jambo la kwanza ni mahali pa usukani: uliwekwa katikati ili mvuvi aizunguke boti yote akimfuata samaki bila kukwama. Kuna faida nyingine pia. Chombo kikipanda na kushuka kwenye wimbi, ncha zake mbili ndizo hurushwa zaidi. Katikati hutikisika kidogo. Nahodha aliyesimama hapo haumii sana mgongo, huona mbele vizuri, na uzito wake hauididimizi sehemu ya nyuma.

Jambo la pili ni umbo la tumbo. Mwaka 1960, boti iitwayo Moppie, iliyochorwa na Ray Hunt, ilishinda mbio za Miami hadi Nassau katika bahari iliyochafuka. Tumbo lake lilikuwa na umbo la V lenye kina kutoka mbele hadi nyuma, likalipasua wimbi kama plau inavyopasua udongo, badala ya kulipiga kwa kishindo. Boti kubwa za leo zimerithi umbo hilo.

La tatu ni kuelea. Mwaka 1961 Dick Fisher, mwenye kampuni ya Boston Whaler, alipigwa picha na jarida la Life akiwa ndani ya boti ya faiba iliyokatwa vipande viwili kwa msumeno. Haikuzama, kwa sababu nafasi kati ya kuta zake ilijazwa povu gumu.

Wanaozipenda boti kubwa za aina hii husema injini za kutundika nyuma huinuliwa zikifika maji mafupi, hubadilishwa bila kubomoa sitaha, na moja ikizima nyingine zinakurudisha nchi kavu. Wapinzani hujibu kwa hesabu ya mafuta: kwa kasi ya juu kabisa, kila nguvu 10 za farasi huunguza karibu lita 4 za petroli kwa saa. Injini nne za nguvu 300 kila moja humaliza zaidi ya lita 400 kwa saa. Wanaongeza kwamba paa, vioo na samani huongeza uzito juu, hivyo chombo huyumba zaidi, na ile sitaha ya wazi iliyokuwa sababu ya boti hiyo kuwepo huzidi kupungua.

Naona wapinzani wana haki. Chombo kikishafika ukubwa huo, dizeli ya ndani, iliyokaa chini karibu na mkuku, hutumia mafuta machache na hukifanya kitulie.

Ziwa Victoria lina wastani wa kina cha mita 40 tu, na ghuba yetu ina kina kifupi zaidi ya hapo. Kwenye maji mafupi upepo huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima, yanayofuatana haraka. Kwa hiyo anayetaka boti ya faiba kwa uvuvi au abiria atafute usukani wa katikati, povu chini ya sitaha, na V kali mbele inayolegea kuelekea nyuma. V yenye kina mwanzo hadi mwisho hubeba mzigo mdogo na hula mafuta mengi, na dagaa ni mzigo. Injini mbili ndogo ni salama kuliko moja kubwa, mradi moja pekee iweze kuirudisha boti mwaloni ikiwa na shehena.

Vitanda na kiyoyozi viachwe. Fedha hiyo inunue jaketi okozi kwa kila anayepanda, redio na taa za usiku. Muuzaji anayesifia viti vya ngozi aulizwe kwanza: boti hii ikijaa maji, itaelea?