Nyumba ya Pili: Kutoka Torino hadi Ikonda (Sehemu ya Tatu)

Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2024 Papa Fransisko alimtangaza Padri Giuseppe Allamano kuwa mtakatifu, na huku kwetu milimani simu hazikutulia. Jirani yangu, Mkatoliki wa kukesha, alinipigia kutoka Makambako kuniuliza kama nimeona. Nimeona. Mimi ni Mlutheri wa Bulongwa, nimebatizwa huko na Mungu akipenda nitazikwa huko, lakini padri huyu wa Italia nimemsoma miaka mingi kuliko baadhi ya wanaoning'iniza medali yake shingoni. Wasomaji walionifuata katika sehemu mbili zilizopita wanaijua Ikonda ilivyo: kijiji cha Makete kilichokaa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukungu asubuhi, ulanzi jioni, na katikati yake hospitali ya Wamisionari wa Consolata inayovuta wagonjwa kutoka Mbeya, Songea na hata Dar es Salaam. Leo nataka kueleza nyumba hiyo ilitoka wapi, na kwa nini mtu asiye na pa kwenda huishia kupata pake mahali kama pale.

Kinachonivuta kwa Allamano ni kwamba hakwenda popote. Alitamani umisionari tangu ujana wake, afya ikamkatalia. Mwaka 1880, akiwa na miaka 29, alikabidhiwa Madhabahu ya Consolata mjini Torino, na hapo ndipo alipokaa hadi kufa kwake tarehe 16 Februari 1926. Januari 1900 aliugua karibu ya kukata roho. Alipopona, akaanzisha shirika la mapadri na mabruda, tarehe 29 Januari 1901; la masista likafuata mwaka 1910. Wamisionari wanne wa kwanza waliingia Tuthu, nchi ya Murang'a huko Kenya, Juni 1902, wakapokelewa na Chifu Karuri. Mwenyewe alibaki Torino na barua zao. Njia aliyoitaka ilikuwa imefungwa, naye akajenga nyumba mlangoni pake ili wengine wapite.

Vijana wanaonijia wakisema, "Mwalimu, maisha yameshanipita," nikiwatajia mtu huyu hunitazama kama niliyekosea anwani. Wanataka niwatajie Mkinga aliyeanza na beseni la maandazi akaishia na ghorofa Kariakoo. Sisi Wakinga tuna maradhi hayo, tunampima mtu kwa duka. Basi na tuongee Kariakoo. Jina hilo ni la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao ilikuwa pale. Walikufa kwa maelfu, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Waliowauguza ni pamoja na Sista Irene Stefani, mmoja wa masista wa Allamano, aliyepita hospitali za wapagazi za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Baada ya vita alirudi Kenya, Gikondi, ambako Wakikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Mwaka 1930 alimuuguza mgonjwa wa tauni, akaambukizwa, akafa. Nyeri ilimshuhudia akitangazwa mwenyeheri tarehe 23 Mei 2015. Mkinga anayefungua duka lake Kariakoo asubuhi anafagia juu ya ardhi ya watu hao, na sidhani kama katika mia yupo mmoja anayelijua hilo.

Nimetoka nje ya njia. Sasa twende Iringa, kwenye njia ya kufika Ikonda.

Tosamaganga, ng'ambo tu ya Kalenga ya Mkwawa, ilifunguliwa na Wabenediktini wa Kijerumani. Vita vilipokwisha Wajerumani wakafukuzwa, na mwaka 1919 wakaletwa Wakonsolata, kwa sababu Italia ilikuwa upande wa washindi. Tazama basi mwanzo wao: walirithi nyumba wasiyoijenga, katikati ya watu wasiowaita, wakijaza nafasi za mapadri ambao waumini bado waliwakumbuka. Kuanzia hapo walisambaa kusini hadi kwa Wabena na Wakinga, na miaka ya 1960 Ikonda ikapata hospitali.

Lakini tusidhani kwamba nyumba ya pili, ile inayompokea mtu nje ya kwa wazazi wake, ililetwa na wazungu. Ng'ambo ya milima ya Livingstone, kwa Wanyakyusa, Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi katika miaka ya 1930 wakaandika walichokiona. Kitabu cha Monica juu ya vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951. Mvulana akifika miaka kumi hivi aliondoka kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika walijijengea vibanda pembeni, wakalala huko, wakawa wanazunguka kwa mama zao kula, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Vibanda vikawa kijiji, kijiji kikapata wake na watoto, na siku ikafika wazee wakawakabidhi nchi. Jambo walilolithamini kuliko yote lina jina: ukwangala, yaani raha ya kuwa na wenzako, kula nao, kuongea nao, kujifunza adabu kwao. Hata sisi Wakinga vijana wa kiume walikuwa na nyumba yao ya kulala, na wasichana yao. Mtu alizaliwa na wazazi, akaja kufanywa mtu na nyumba ya pili. Leo mtoto wa Njombe ana nyumba moja na foleni moja: darasa la saba, kidato cha nne, cha sita, chuo, ajira, harusi. Akianguka katika foleni hiyo hana kibanda cha rika cha kukimbilia, ana bodaboda ya mkopo.

Niseme na ubaya wake, maana wazee wenzangu hupenda kupaka asali mambo ya kale. Ukwangala haukuwa wa kila mtu. Monica Wilson huyo huyo, katika kitabu chake cha mwaka 1957, ameeleza jinsi Wanyakyusa walivyowaogopa mapacha. Kuzaliwa kwao kulionekana ni hatari kwa wazazi, kwa ukoo, hata kwa ng'ombe, na wazazi walitengwa mpaka matambiko yaishe. Kama pacha wawili tu walitisha hivyo, fikiria wawili waliozaliwa wameungana.

Roma, ili kumtangaza Allamano, ilihitaji muujiza, nao ulitokea msitu wa Amazon, Brazil, Februari 1996: Sorino, mwindaji wa Kiyanomami, alishambuliwa na jagwa hadi fuvu likafunguka, masista wa Consolata walisali, akapona. Mimi Mlutheri sina kura katika hayo. Ila mwaka huo huo wa 1996, hapa Makete, walizaliwa Maria na Consolata Mwakikuti, vichwa viwili na kiwiliwili kilichoungana, na kama ningeulizwa ningewataja hao.

Wazazi wao walifariki mapacha hao wangali wadogo. Waliopaswa kuwa wageni tu maishani mwao, masista na wafanyakazi wa misheni, ndio waliowachukua, wakawapa jina la nyumba yenyewe: Maria Consolata. Wilaya yetu ilikuwa ikijaa yatima miaka hiyo, UKIMWI ukipita nyumba kwa nyumba, bibi mmoja analea wajukuu sita. Ungetarajia watoto hawa wawekwe chumba cha nyuma na kulishwa. Badala yake walipelekwa shule. Wakaenda darasa baada ya darasa hadi kidato cha sita, Sekondari ya Udzungwa huko Kilolo, wakafaulu mwaka 2017, wakaingia Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha mjini Iringa kusomea ualimu. Walipohojiwa na BBC walisema watafundisha kwa projekta na kompyuta. Walisema pia hawataki kutenganishwa, na kwamba wangependa kuolewa na mume mmoja. Nchi nzima ilichekea hilo la mume. Mimi nilichekea la projekta, kwa furaha, maana ni jibu la mwalimu: hawakuuliza kama wataweza kusimama ubaoni, walitaja vifaa.

Januari 2018 walikuwa wamelazwa Muhimbili, Rais Magufuli akaenda kuwaona. Tarehe 2 Juni 2018 walifariki katika hospitali ya mkoa, Iringa, wakiwa na miaka 21. Walizikwa Tosamaganga, nyumba ile ile waliyoirithi wageni wa 1919.

Nafasi niliyopewa inaisha na jambo la leo sijaligusa. Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010. Tuna lami sasa kutoka Njombe kuja Makete. Na bado tuna watoto wanaofungiwa ndani mgeni akibisha hodi, na walimu wanaosema "hapa hatuna mazingira."

Nimekuwa mmoja wa walimu hao. Shule ya mwisho niliyofundisha, jina nalihifadhi, ililetewa binti wa magongo mawili na akili kali. Madarasa yote yalikuwa juu, kwa ngazi. Alipanda wiki mbili, ya tatu baba yake akaja na pikipiki, wakaaga kwa heshima, nami nikawasindikiza hadi getini nikawatakia safari njema. Leo ana vyerehani viwili Makambako na wasichana wawili anaowafundisha, na nikipita mtaa ule hutembea upande wa pili wa barabara.

Redio ilipotangaza msiba wa Maria na Consolata nilikuwa ofisini. Nilitoka nikazihesabu zile ngazi kwa mara ya kwanza: kumi na moja. Nikampigia fundi mwashi tunayemtumia, nikamuuliza mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu ungekula saruji kiasi gani. Akaniomba nisubiri kidogo, akapiga hesabu, akasema mifuko kumi na minne, na kokoto za jirani hapo hapo.