Kuhamia Dodoma: Manufaa, gharama na mambo ya kupima kabla ya kufunga mizigo

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wakazi 765,179 katika eneo ambalo sasa ni Jiji. Ongezeko hilo la takribani asilimia 86 limekwenda sambamba na uamuzi wa Serikali kuhamishia shughuli zake Makao Makuu ya Nchi. Hata hivyo, waliohamia si watumishi wa umma peke yao. Wamo wafanyabiashara, mafundi ujenzi, madereva, mama lishe, wanafunzi na wastaafu.

Kwa familia inayojiuliza kama nayo ihamie, jambo la kupima ni hesabu ya familia yenyewe. Dodoma inatoa nafuu za kweli ambazo jiji kubwa kama Dar es Salaam haliwezi kuzitoa. Lakini baadhi ya nafuu hizo, hasa bei ya chini ya kiwanja na kodi ya nyumba, hulipiwa baadaye kwa maji, umbali na muda. Anayehesabu upande mmoja tu hujikuta ametumia akiba yake kabla ya kutulia.

Mji uliosubiri tangu 1973

Uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulifikiwa mwaka 1973, na mwaka huohuo ikaanzishwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana zaidi kwa kifupi cha CDA. Utekelezaji ulikwenda polepole hadi Julai 2016, Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dkt. John Magufuli, alipotangaza kuwa Serikali itahamia Dodoma. Waziri Mkuu alihamia Septemba 2016, Makamu wa Rais Desemba 2017 na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Aprili 26, 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa Jiji, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria inayoitamka kuwa Makao Makuu ya Nchi.

Historia hiyo ina maana kwa mwananchi wa kawaida. Kwa miaka mingi aliyejenga Dodoma alijenga kwa matumaini kwamba Serikali ingefuata. Leo hadhi ya Jiji hilo imo ndani ya sheria, wizara zimejengewa ofisi katika Mji wa Serikali Mtumba, na mwenye duka au nyumba ya kupangisha ana wateja wa kudumu wa kuwategemea.

Nafuu anazozipata anayehamia

Nafuu ya kwanza ni ukubwa wa mji. Mkazi wa Area C, Kisasa au Chang’ombe anaweza kufika sokoni, hospitalini na kwenye ofisi nyingi za katikati ya Jiji bila kupoteza nusu siku barabarani. Muda huo una thamani ya fedha: fundi hupata kazi mbili kwa siku badala ya moja, na mzazi hufika nyumbani watoto wakiwa hawajalala.

Nafuu ya pili ni ukaribu wa huduma za ngazi ya juu. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kimeleta maelfu ya wanafunzi wanaohitaji vyumba, chakula na usafiri. Hospitali ya Benjamin Mkapa inatoa tiba za kibingwa, ikiwemo upandikizaji wa figo, ambazo zamani ziliwalazimu wagonjwa wa Kanda ya Kati kusafiri mbali. Mwenye shauri wizarani sasa anaweza kulifuatilia na kurudi kwake siku hiyohiyo.

Nafuu ya tatu ni reli ya kisasa. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, na safari iliyokuwa ikichukua siku nzima kwa basi sasa huchukua takribani saa nne. Hivyo kuhamia Dodoma hakumaanishi tena kukata uhusiano na Dar es Salaam. Mfanyabiashara anaweza kuondoka alfajiri, kuchagua bidhaa Kariakoo na kurudi usiku.

Pale nafuu inapogeuka gharama

Katika mji unaokua kwa kasi, ardhi huwa rahisi pale ambapo barabara, maji na shule bado havijafika. Bei ya chini ni ishara kwamba gharama ya huduma hizo itamwangukia mnunuzi au mpangaji mwenyewe.

Mfano mdogo unatosha. Tuseme nyumba ya pembezoni ina kodi pungufu ya ile ya karibu na katikati ya mji kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Ikiwa mzazi mmoja na watoto wawili watalipa nauli ya ziada ya shilingi 1,500 kila mmoja kwa siku, jumla ni shilingi 4,500 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi na masomo, ni shilingi 99,000. Nafuu ya kodi imekwisha, na familia imeongeza shilingi 19,000 juu yake, bila kuhesabu bodaboda ya usiku au ya siku ya mvua.

Maji yanahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Dodoma ni eneo la nusu ukame lenye msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa miaka mingi Jiji limetegemea zaidi visima vya bonde la Makutupora, katika eneo la Mzakwe, vilivyopangwa kwa ajili ya watu wachache kuliko waliopo sasa. Ndiyo sababu ya mgao katika baadhi ya mitaa, na ndiyo sababu Serikali imepanga vyanzo vikubwa zaidi, likiwemo Bwawa la Farkwa wilayani Chemba. Visima vya watu binafsi navyo, katika maeneo kadhaa, hutoa maji yenye chumvi. Anayehamia aingize katika bajeti yake tangi la kuhifadhia maji na mifereji ya kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa.

Kuhusu kipato, soko la Dodoma ni dogo kuliko la Dar es Salaam na linafuata kalenda ya Serikali. Mkutano wa Bunge la Bajeti, unaoanza Aprili hadi mwisho wa Juni, huleta wageni wengi, na nyumba za kulala wageni na migahawa hupata wateja. Bunge likiahirishwa, mauzo ya biashara nyingi hushuka. Aliyeiona Dodoma mwezi Mei pekee anaweza kukadiria faida ambayo haitapatikana mwezi Agosti.

Kiwanja na hati

Mei 2017 CDA ilivunjwa na majukumu yake yakahamishiwa halmashauri. Katika hatua hiyo ilielekezwa pia kwamba hati za umiliki ziwe za miaka 99, badala ya miaka 33 iliyokuwa ikitolewa na Mamlaka hiyo. Mabadiliko hayo yaliongeza thamani na usalama wa milki, lakini pia yaliongeza idadi ya wauzaji, na miongoni mwao wapo wasio waaminifu. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili ni mgogoro unaoweza kumaliza akiba ya maisha.

Mnunuzi asilipe fedha kwa kuoneshwa mipaka na mashahidi tu. Muhuri wa serikali ya mtaa kwenye makubaliano ya mauziano unathibitisha kwamba makubaliano yamefanyika, lakini hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mmiliki. Uthibitisho huo hupatikana kwa kufanya upekuzi katika Ofisi ya Msajili wa Hati na kulinganisha namba ya kitalu na kiwanja na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Ikiwa kinachouzwa ni nyumba ya familia, mwenza wa muuzaji naye aridhie kwa maandishi.

Kabla ya kuhama

Familia inayokusudia kuhamia Dodoma inashauriwa kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, ipange kabla ya kununua. Miezi sita ya kupanga, ikijumuisha sehemu ya kiangazi, huonesha hali halisi ya maji, usafiri na biashara ya mtaa husika.

Pili, iulize majirani maji hutoka siku ngapi kwa wiki, na isitegemee maelezo ya mwenye nyumba au dalali pekee.

Tatu, mtumishi wa umma atofautishe uhamisho wa mwajiri na uhamisho wa kuomba mwenyewe. Wa kwanza una stahili za uhamisho. Wa pili hugharimiwa na mtumishi.

Nne, uhamisho wa wanafunzi uanzie kwa mkuu wa shule wanayosoma, na nafasi katika shule wanayokwenda ithibitishwe kabla ya muhula kuanza.

Tano, mfanyabiashara apate leseni ya halmashauri ya eneo jipya na kuifahamisha Mamlaka ya Mapato kuhusu mabadiliko ya anwani ya biashara.

Sita, mpiga kura ahamishe taarifa zake katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura wakati wa uboreshaji, ili asipoteze haki hiyo.

Mwenye kazi ya uhakika, watoto wanaoweza kusoma karibu na nyumbani na uvumilivu wa kuhifadhi maji ana sababu nzuri za kuhamia Dodoma. Ambaye sababu yake pekee ni kwamba viwanja ni vya bei rahisi, aanze kwa kuuliza ni kwa nini kiwanja hicho ni rahisi.