Kujitolea Katika Vituo vya Kuokoa Wanyama wa Porini Nchi za Nje: Hukumu Yake na Anayopaswa Kuyajua Muislamu

SWALI:

Watoto wetu wawili, wa kiume na wa kike, wanasoma chuo kikuu Malaysia. Likizo hii wanataka kwenda Sabah kujitolea mwezi mmoja katika kituo kinachookoa wanyama wa porini. Mwenzao mmoja anawashauri waende Afrika Kusini badala yake, wakalee watoto wa simba. Baba yao anasema wanyama hao ni najisi na pesa itapotea bure. Mimi naona ni thawabu. Tunaomba mtuelimishe.

JIBU:

AlhamduliLLaah, sifa zote njema anastahiki Allaah, Rehma na amani zimfikie Rasuli wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), aali zake na Swahaba zake.

Maswali ya namna hii yamekuwa mengi tangu vijana wetu walipoanza kusoma nchi za mbali. Baba ana hoja, na mama ana hoja. Tuanze kwa kueleza kazi yenyewe ilivyo, kwani mtu hawezi kukihukumu asichokijua.

Mashariki ya Malaysia, katika kisiwa cha Borneo, karibu na mji wa Sandakan, kuna kituo kinachoitwa Sepilok. Kilianzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya orangutani, na jina hilo ni la Kimalay, maana yake ni mtu wa msituni. Wanaopelekwa hapo wengi wao ni watoto waliopoteza mama zao. Msitu umekatwa ili kupandwa michikichi ya mawese, au mama ameuliwa ili mtoto auzwe akafugwe nyumbani. Orangutani jike huzaa mara moja tu katika miaka saba au minane, na mtoto hukaa na mama yake miaka mingi akijifunza matunda yepi huliwa na kiota cha kulalia hufumwa vipi juu ya mti. Akiondokewa na mama, hana wa kumfundisha. Kazi ya kituo ni kumtibu, kumzoesha kupanda kamba na miti, kisha kumwachia msituni kidogo kidogo. Chakula huwekwa kwenye jukwaa mara mbili kwa siku, na kinafanywa cha aina moja kwa makusudi, ili mnyama akichoke akatafute mwenyewe. Jirani yake kuna kituo cha dubu wadogo wa Borneo kilichoanzishwa mwaka 2008, nao wengi walikuwa wamefungiwa majumbani mwa watu.

Anayejitolea hafanyi kazi ya kubeba wanyama na kupiga nao picha. Anakata matunda, anafagia na kuosha vizimba, anabeba majani, anatengeneza kamba za kuchezea. Kwenye kituo cha dubu mgeni hamgusi dubu kabisa. Kwa orangutani hutakiwa vipimo vya afya kwanza, kwa sababu kifua kikuu na mafua ya binaadamu huwapata na kuwaua. Basi mzazi asidhani mtoto anakwenda kustarehe. Ni kazi ya jasho na kinyesi.

Ama asili ya hukumu, kuwahudumia wanyama ni katika mambo mema yenye ujira. Imethibiti katika Al-Bukhaariy na Muslim kisa cha aliyeshuka kisimani akamnywesha mbwa mwenye kiu, Allaah Akamghufiria, na Swahaba walipouliza kama wana ujira kwa wanyama, Rasuli wa Allaah (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) akawajulisha kuwa katika kila chenye ini bichi, yaani kila kilicho hai, mna ujira. Na kinyume chake ni mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila ya chakula. Katika Suratul-An'aam, Aayah ya 38, Allaah Ametujulisha kuwa wanyama na ndege ni umma mfano wetu.

Lakini Hadiyth iliyo karibu zaidi na jambo hili ni ile ya Abu Daawuwd. Swahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja akawa anapiga mbawa. Rasuli wa Allaah (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) akauliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warejeshwe. Sasa tazama kazi ya Sepilok: ni watoto walionyang'anywa mama zao, na wanajaribiwa kurejeshwa. Na Imaam Al-'Izz bin 'Abdis-Salaam, katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shaafi'iy, aliyefariki mwaka 660 Hijriyyah, alipohesabu haki za mnyama juu ya mwanaadamu alitaja kumlisha hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Haya aliyaandika zaidi ya miaka mia saba iliyopita, kabla ya jumuiya yoyote ya kutetea wanyama kujulikana.

Maulamaa wa Indonesia nao, kupitia Baraza lao la Maulamaa, walitoa fatwa namba 4 ya mwaka 2014 inayoharamisha kuwinda na kufanya biashara ya wanyama walio hatarini kutoweka kinyume cha shari'ah na sheria za nchi. Kwa hiyo katika asili yake mama amesema kweli.

Tuje kwenye hoja ya baba, nayo ni twahara. Wengi katika visiwa vyetu wanadhani kila mnyama asiyeliwa ni najisi. Sivyo. Katika madhehebu ya Shaafi'iy, wanayoyafuata pia ndugu zetu wa Malaysia, kila mnyama aliye hai ni twahara isipokuwa mbwa na nguruwe na kilichozaliwa nao. Kima, dubu, simba, popo, nyoka, wote miili yao ni twahara madhali wako hai, na jasho lao na mate yao ni twahara. Akikurukia kima nguo yako haikunajisika.

Najisi ni mkojo wake, kinyesi chake, damu yake na matapishi yake. Na hapa ndipo mfanyakazi wa kituo anapopata mtihani, kwani kutwa nzima yumo ndani ya hayo. Pia nywele zikishabanduka kwa mnyama asiyeliwa huwa najisi kwetu, lakini chache zimesamehewa, na mafaqihi wamempanulia zaidi yule ambaye kazi yake inamkutanisha nazo, kama mpanda punda. Rai yetu ni rahisi: awe na nguo za kazi na mabuti ya mpira, avae glovu, na awe na nguo safi ya Swalaah kwenye mfuko. Ukiingia wakati, anavua, anaosha mikono na miguu na palipoguswa, anatawadha, anaswali. Asiache Swalaah mpaka jioni kwa kisingizio cha uchafu, wala asijitie wasiwasi kwa vumbi asilolijua ni la nini.

Nguruwe na mbwa ni jambo jingine. Misitu ya Borneo ina nguruwe mwitu, na vituo vya nchi nyingine huokoa mbwa. Akigusana nao kukiwa na umajimaji, huosha mara saba, moja ikiwa ya udongo. Kikavu kwa kikavu hakinajisishi. Malaysia hata sabuni yenye udongo kwa ajili hii inauzwa madukani, basi asione tabu. Na akiweza kumwomba msimamizi ampangie kazi nyingine, hiyo ni afadhali, na kwa kawaida ombi kama hilo hukubaliwa pale mtu anapoeleza mapema na kwa adabu.

Je, anaweza kuwalisha nyamafu wanyama walao nyama? Inajuzu. Maulamaa wetu wametaja kujuzu kumlisha mzoga mbwa na ndege wa kuwinda, na wengine wako katika hukumu hiyo. Kilichokatazwa ni kuinunua na kuiuza nyamafu, basi yeye asiwe wakala wa manunuzi.

Suala gumu zaidi ni la kumuua mnyama anayeteseka. Daktari wa kituo anaweza kuamua kuwa mnyama huyu uti wa mgongo umevunjika, hana matumaini, achomwe sindano afe. Katika vitabu vya baadaye vya madhehebu yetu imeelezwa kuwa haifai kumchinja mnyama asiyeliwa ili kumpumzisha tu, na wakapiga mfano wa punda aliyelemaa. Wapo maulamaa wa zama hizi walioruhusu pale ambapo hakuna dawa na mateso ni makubwa, kwa kauli ya tabibu mwaminifu na kwa njia isiyoumiza. Sisi tunaona kauli ya pili ina nguvu katika hali za dharura hasa. Lakini anayejitolea si mwenye mnyama wala si tabibu. Asiichukue sindano yeye, wala asisimame kuwahukumu waliosomea. Akitakiwa kushika mkono katika jambo ambalo nafsi yake haikutulia, aombe udhuru.

Sasa la Afrika Kusini, na hapa tunawaomba wazazi wasome kwa makini, kwani hapa ndipo pesa na dhamira ya mtoto vinapoweza kupotea pamoja.

Zipo sehemu nchini humo zinazozalisha simba ndani ya nyua kama kuku. Mtoto wa simba anaondolewa kwa mama yake angali mchanga, ili jike apandwe tena haraka. Kijana wa kujitolea anaambiwa huyu ni yatima, mnyonyeshe kwa chupa, na analipa pesa nyingi kwa hilo. Akikua kidogo anatembezwa na watalii. Akishakuwa mkubwa na kuzoea watu, wapo wanaouzwa kwenda kupigwa risasi ndani ya uzio na mwindaji aliyelipa, au mifupa yake inauzwa. Si vituo vyote viko hivyo, lakini jambo hili ni kubwa kiasi kwamba mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuwa inakusudia kukomesha ufugaji wa simba wa namna hiyo.

Huyu kijana alinuia kheri, na nia yake iko kwa Allaah. Ila akishajua, kuendelea ni kusaidiana katika dhulma, na Allaah Amelikataza hilo katika Suratul-Maaidah, Aayah ya 2. Kinda limetenganishwa na mama yake, na yeye ndiye anayelipia kutenganishwa huko.

Basi kabla ya kutuma hata shilingi moja, waulize: Kwa nini kila mwezi wapo watoto wachanga, mama zao wako wapi? Wanaokua wanapelekwa wapi, na je, kuna waliorejeshwa porini? Mgeni anaruhusiwa kumkumbatia mnyama na kupiga picha? Kituo cha kweli humzuia mgeni, cha uongo humwita. Na kituo cha kweli kitakudai vyeti vya afya kabla ya kukudai pesa. Hata picha yenyewe ina madhara yake, kwani anayemwona rafiki yake amembeba orangutani naye humtamani wa kwake, na huyo wa kwake hapatikani ila mama yake akiuawa.

Kuhusu safari. Mtoto wa kike hasafiri bila ya mahram, Hadiyth zake ni swahihi na mashuhuri. Mafaqihi wetu waliporuhusu kundi la wanawake waaminifu, waliruhusu kwa Hajj ya fardhi, si kwa safari ya khiari. Tunajua wapo wa zama hizi waliolegeza njia ikiwa na amani, lakini kwa jambo la Sunnah hatuoni haja ya kuingia katika khitilafu. Kwa muulizaji wetu Allaah Amerahisisha: kaka yake ndiye mahram wake. Waende pamoja, warudi pamoja, na waulize mapema malazi yakoje, maana mabweni ya kujitolea mara nyingi huchanganya.

Wakishafika na wamenuia kukaa mwezi, hawapunguzi Swalaah wala hawazikusanyi kwa ajili ya safari. Aliyenuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, ana hukumu ya mkaazi. Na huyo kijana Ijumaa inamlazimu inaposwaliwa hapo, na Sandakan misikiti ipo. Aombe ruhusa ya saa hiyo tokea siku ya kwanza.

Waingie kwa kibali kinachostahiki. Kuandika utalii ilhali unakwenda kufanya kazi ni uongo katika mkataba, hata kama kazi haina mshahara. Wauliza uhamiaji, si marafiki.

Pesa: hii ni safari ya Sunnah, na ridhaa ya wazazi wote wawili inahitajika. Ikiwa nyumbani kuna deni lililofika muda wake, au ada ya wadogo haijalipwa, hayo yanatangulia. Pesa ya Zakaah haitumiki kwa hili kwa namna yoyote, wenye kuipokea wametajwa wanane na wanyama si miongoni mwao. Sadaka ya kawaida inafaa. Na baba akishikilia kukataa kwa sababu ya gharama, watoto wamtii bila kununa. Pemba pale Kidike wapo popo wakubwa wasiopatikana popote duniani ila Pemba, Nungwi yapo mabwawa ya kasa, Jozani wapo kima punju. Nauli ya huko ni ya daladala.

Ikiwa baba ameridhia, wakapeleke Sepilok au kituo mfano wake maombi ya maandishi, waulize kazi, malazi, muda wa Swalaah na vipimo vya afya, na majibu wayalete kwa wazazi kabla ya kukata tiketi. Safari ya Afrika Kusini waliyoshauriwa waiache.

Wa Allaahu A'lam.