Wonder Woman Aliyelelewa Kuzimu

Nauza vitabu vya mitumba, na kwenye marobota huwa zinajitokeza katuni za Marekani mojamoja: toleo la 34 bila la 33, jingine halina jalada. Wanunuzi ni vijana, na swali lao ni lilelile: "Mama, hii inaanzia wapi?"

Kwa Wonder Woman swali hilo lina haki yake. Huyu alibuniwa mwaka 1941 na mwanasaikolojia William Moulton Marston na mchoraji H. G. Peter, na tangu hapo amepita mikononi mwa waandishi wengi mno. Mwaka 2023 jarida lake lilifika toleo la 800. Miezi michache baadaye wachapishaji wake, DC, wakaanza kuhesabu upya kutoka namba 1. Usidanganyike na namba hiyo. Ndani yake wamo dada, wapenzi na mahasimu wa miaka themanini, na kumsoma ni sawa na kuketi kwenye kikao cha ukoo wa mume kwa mara ya kwanza: wote wanacheka, wewe hujui kilichosemwa.

Ndiyo maana nasema mgeni aanze na Absolute Wonder Woman, iliyotoka Oktoba 2024, mwandishi Kelly Thompson, mchoraji Hayden Sherman. Hapa kweli hadithi inaanza.

Diana, ndilo jina la Wonder Woman, tuliyemwona kwenye filamu ya 2017 alikulia kisiwani kati ya wanawake watupu, mama yake malkia, mama mdogo wa kumfundisha upanga. Thompson amemnyang'anya vyote hivyo. Apollo anamchukua akiwa mchanga, anampeleka kuzimu na kumkabidhi Circe, mchawi aliyefungiwa huko, kisha anapiga marufuku hata kulitaja jina la watu wake, Waamazoni. Circe mwenyewe hamtaki huyo mtoto. Ana uchungu wake, ana adhabu yake, halafu aletewe na mtoto wa kulea! Kurasa zinazoonyesha moyo wake ukilainika polepole ndizo zilizoninasa, maana Circe wa hadithi za zamani za Diana ni adui wa kuogopwa, na hapa anageuka mama. Lakini aliyelelewa na bibi au shangazi hahitaji kuujua uadui huo wa zamani ndipo aelewe.

Na Diana akishakua? Ni pande la mtu. Anatua mjini Gateway kupigana na mazimwi akiwa juu ya farasi mwenye mabawa, mifupa mitupu, na upanga wake ni mkubwa kuliko wa kubebwa na binadamu. Utazame mkono wake wa kulia: si wa nyama. Toleo la kwanza halikwambii kwa nini. Usimuulize aliyesoma. Jibu linakuja matoleo machache mbele, na ndilo litakalokuonyesha Diana ni mtu wa namna gani.

Ugumu upo. Sherman hapangi visanduku vya picha kwa mstari. Mara picha inavuka kurasa mbili, mara vinazunguka. Fuata viputo vya maneno, vitakuongoza. Damu na vitisho vimo, kwa hiyo simuuzii mwanafunzi wa darasa la nne hata akinililia. Halafu bei: toleo moja ni kama dola 5, na unalimaliza kabla chai haijapoa. Mwenye akili atatafuta kitabu cha The Last Amazon, kilichokusanya matoleo saba ya mwanzo. Mfululizo huu ulipata tuzo ya Eisner mwaka 2025 kama mfululizo mpya bora, na safari hii majaji na mimi tumekubaliana.

Batman na Superman nao wana mfululizo wa Absolute. Si lazima uwasome kwanza.

Wapo watakaokusukumia ile namba 1 ya 2023, ya Tom King na Daniel Sampere, ambamo Marekani inapitisha sheria ya kuwafukuza Waamazoni. Picha za Sampere ni nzuri mno. Ila msimulizi ni adui yake Diana, tena msemaji kwelikweli, na sioni sababu ya mgeni kutambulishwa mtu na hasimu wake. Ukishampenda wa kuzimu, rudi kwanza kwa George Pérez, aliyemwanzisha upya mwaka 1987. King atakungoja.