Je, Wajua? Injini Kuukuu na Kikombe cha Kahawa

Ukitoka Changamwe kwa barabara ya Nairobi, kabla hujafika Miritini utapita Jomvu. Kando ya barabara kuingia Jomvu Kuu hukosi kuona lori la Canter lililorukuu, kichwa kimeinamishwa mbele, miguu ya fundi ikichungulia chini. Injini imefunguliwa. Sogea uone mambo.

Milimita moja ni kikombe cha kahawa

Chukua injini ya zamani ya Canter, ile iitwayo 4D31. Ina silinda nne, kila moja ina kipenyo cha milimita 100, na pistoni hupanda na kushuka milimita 105. Ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 3,298. Haya, zichonge silinda zote nne zipanuke kwa milimita nzima, uweke pistoni kubwa zaidi. Umeongeza ngapi? Kama sentimita 66 tu, yaani kikombe kimoja cha kahawa chungu kutoka kwenye dele! Wajapani wenyewe walioiunda walipanua hadi milimita 104, wakaiita 4D32, ikafika 3,567. Nyongeza hiyo ya 269 haijazi hata chupa ya soda ya mililita 300. Basi dereva akikuapia kuwa lori lake limekuwa jingine tangu lichongwe, usimbishie, hasemi uongo. Ila nguvu anayoisikia nyingi ni ile ya zamani iliyokuwa ikivuja kwenye ringi zilizolika.

Ukucha huona kuliko jicho

Ringi za pistoni hazifiki juu kabisa ya silinda. Pale juu chuma hubaki kama kilivyotoka kiwandani, na chini yake huliwa mwaka baada ya mwaka, mpaka pakawa na ukingo mwembamba usiouona. "Mzee, hebu pitisha ukucha hapa," fundi humwambia mwenye gari. Ukucha ukikwama, mzee habishi tena kuhusu pesa! Kisha hufuata vipimo vya kweli, na humo hesabu ni za unywele: unywele wa mtu una unene wa karibu sehemu saba kwa mia za milimita, na nafasi kati ya pistoni na ukuta wake haizidi sana unywele mmoja au nywele mbili.

Pistoni si duara

Iweke mezani ikiwa baridi uipime: upande mmoja ni mpana kidogo kuliko wa pili, na kichwani ni nyembamba kuliko chini. Haikukosewa. Alumini hutanuka ikipata moto, na kichwani ndiko kwenye moto mkali, basi huchongwa ikiwa na umbo la yai ili ikichemka ndipo iwe duara. Chombo kilichotengenezwa kikiwa na kasoro ili kazi yenyewe ije kukinyoosha!

Silinda ing'aayo kama kioo ni mbovu

Baada ya kuchonga, fundi huingiza mawe ya kusugulia na kuikwaruza silinda kwa makusudi, mistari ikipishana kama ukili uliosukwa. Mikwaruzo hiyo hushika oili na kuzisaidia ringi kukaa sawa. Ukuta ukiwa laini mno, ringi huteleza bila kushika, na lori huanza kunywa oili kama ngamia aliyefika kisimani.

Omanyala angeachwa nyuma

Mwaka 2021 Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 uwanjani Kasarani kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Hiyo ni kama mita 10.2 kwa sekunde. Pistoni ya ile Canter, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, wastani wake ni mita 10.5. Na Omanyala hasimamishwi njiani. Pistoni husimama kabisa na kugeuka mara 100 kila sekunde, huku imebebeshwa mchanga wa kujengea nyumba ya mtu Mikindani.

Dizeli iliwahi kula karanga

Injini ya dizeli haihitaji plagi ya kuwasha moto. Hewa hubanwa mpaka ikapita nyuzi 500, na mafuta yakipulizwa humo huwaka yenyewe. Ukitaka ushahidi, shika pampu ya baiskeli baada ya kujaza gurudumu, uone ilivyopata moto. Katika maonyesho ya Paris ya 1900, injini moja ndogo ya namna hii iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel aliandika kuwa ilikwenda vizuri hata wachache tu ndio waliotambua kuwa ni karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, ikiwaza makoloni yake ya Afrika, ambako karanga hazikuwa na shida.

Lori lina nguvu zaidi likiwa Jomvu

Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na huko hewa imepungua kwa karibu moja ya tano. Injini isiyo na tabo huvuta hewa hiyo hiyo haba, na kile kikombe chetu cha kahawa, nyongeza ya asilimia mbili, kimekwisha hata kabla ya Voi. Dawa yake, ndiyo tabo hiyo, aliiandikia hataza Mswisi Alfred Büchi mwaka 1905: acha moshi unaotoka uzungushe feni ya kushindilia hewa mpya ndani. Nguvu kutoka kwenye takataka!

Silinda ya mapipa tisa

Injini ya meli iitwayo Wärtsilä RT-flex96C ina silinda zenye kipenyo cha milimita 960, na pistoni husafiri mita mbili na nusu. Silinda moja tu ina lita 1,810, mapipa tisa ya lita 200, na injini kubwa zaidi ya aina hiyo inazo 14. Nayo huliwa kuta vilevile, nayo hukaguliwa. Ila huko hakuna habari ya ukucha: fundi huingia ndani mwenyewe, mzima mzima, na taa yake mkononi.