Tembo na ini la mtoto tumboni

Hapa Kojani twaishi kwa bahari na mnazi, lakini tembo likishachacha ni kileo kama bia. Mja mzito akinywa, kileo hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, naye ini lake changa haliwezi kukivunja vyema. Majaribio yameonyesha kuwa watoto wa panya jike aliyenyweshwa kileo huweza kukua na ini lenye mafuta, kwani hutengeneza mafuta mengi kuliko linavyoyachoma. Hakuna kiasi kilicho salama. Dada, ikiwa ulikunywa kabla ya kujua una mimba, usifiche kwa aibu: acha leo, tubu kwa Mola wako, kisha mweleze mkunga kliniki. Siri yako ni amana kwake.